Dakika Hupotelea Wapi

Julai 2016 mabehewa tisa ya kampuni ya Talgo ya Hispania, yakivutwa na kichwa cha treni cha India, yalifikia kasi ya kilomita 180 kwa saa kwenye njia ya kawaida kati ya Mathura na Palwal, kusini mwa Delhi. Hayakubeba abiria, yalipakiwa mifuko ya mchanga ili uzito wake ulingane na wa treni iliyojaa watu. Namba iliyosambaa kuhusu siku ile ni hiyo ya 180. Iko namba ya pili, nayo haikuzungumzwa sana: treni ilimaliza kilomita 84 kwa dakika 38, ambayo ni wastani wa kilomita 133 hivi kwa saa. Njia ilikuwa imesafishwa kwa ajili yake, hakuna stesheni iliyoidai isimame, hakuna abiria wa kuisubiri, na bado karibu kilomita 50 za ile kasi iliyotangazwa hazikuonekana kwenye saa ya ukutani. Sura hii inafuata pengo hilo. Dai langu ni kwamba jaribio la treni ya kasi juu ya reli ya zamani hutueleza habari za reli yenyewe na namna inavyoendeshwa, kuliko linavyotueleza habari za treni. Na kwa kuwa ni hivyo, nchi inayotaka kufupisha safari za watu wake kwa reli iliyopo inapaswa kuanza na mahali treni inapotambaa, kabla ya kushughulika na mahali inapokimbia.

Jambo hili lilijulikana tangu mwanzo kabisa. Mwaka 1901 kampuni za Siemens na AEG zilipeleka mabehewa ya umeme kwenye reli ya kijeshi ya Marienfelde hadi Zossen, karibu na Berlin, njia ya kilomita 23 tu. Injini zilikuwa na nguvu ya kutosha, lakini kasi ilipokaribia kilomita 160 reli haikuhimili, na majaribio yakasimamishwa. Wahandisi hawakurudi karakana kuongeza nguvu za mota. Waliifumua njia, wakaweka reli nzito zaidi na kokoto mpya, kisha Oktoba 1903 behewa la AEG likapita kilomita 210 kwa saa. Machi 1955 Wafaransa walifikisha vichwa vyao vya umeme kilomita 331 kwa saa kwenye njia iliyonyooka ya nyika za Landes, kusini mwa Bordeaux, na reli ikabaki nyuma imepinda kiasi kwamba treni ya pili isingepita hapo kwa usalama. Rekodi ile ilithibitisha kwamba gurudumu la chuma juu ya chuma linaweza kwenda kasi ambayo wengi hawakuiwazia. Ilithibitisha pia, kwa nguvu ileile, kwamba njia ya kawaida haiwezi kuivumilia kasi hiyo kila siku.

Kinachoifunga treni kwenye reli ya zamani ni kusimama kuliko kwenda. Umbali wa kusimamisha treni hauongezeki sambamba na kasi. Unaongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi hiyo. Treni inayotoka kilomita 130 kwenda 160 kwa saa imeongeza kasi chini ya robo, lakini ikitumia breki zilezile itahitaji njia ndefu zaidi kwa nusu ili isimame. Ikifika 180, umbali ule unakaribia kuwa maradufu ya ule wa 130. Sasa taa za ishara zilizopandwa kando ya njia zilipangwa kwa umbali uliotosha treni za enzi zake. Dereva akiona taa ya njano inayomwonya kwamba ya mbele ni nyekundu, lazima awe na nafasi ya kusimama kabla ya kuifikia hiyo nyekundu. Ukileta treni ya kasi zaidi bila kugusa taa wala breki, umemnyang'anya dereva nafasi hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza la mtu anayejaribu treni mpya kwenye njia ya zamani ni: inasimama ndani ya umbali gani, mvua ikiwa imenyesha na mabehewa yakiwa yamejaa?

Waingereza walilijibu swali hili kwa namna mbili katika muongo mmoja, na tofauti ya matokeo inafundisha sana. Shirika la reli la British Rail lilikuwa na mradi wa treni inayojiinamisha kwenye kona, iliyoitwa APT. Ilikuwa kazi ya kipaji: mwaka 1979 ilifikia karibu kilomita 261 kwa saa. Desemba 1981 ilianza kubeba abiria kati ya Glasgow na London, ikamaliza safari ya kwanza kwa saa 4 na dakika 14, na ndani ya siku chache mitambo ya kuinamisha na breki zilizoganda kwa baridi vikaiondoa njiani. Pembeni mwa mradi huo walikuwapo wahandisi wenye lengo dogo zaidi. Walitengeneza treni ya dizeli ya HST, yenye kichwa kila upande, na sharti waliloliheshimu kuliko yote ni kwamba ikiwa kwenye kilomita 201 kwa saa iweze kusimama ndani ya nafasi za taa zilizowekwa kwa treni za kilomita 161. Haikuinama, haikuhitaji taa mpya kila mahali, haikungoja nyaya za umeme. Oktoba 1976 ilianza kazi kati ya London, Bristol na kusini mwa Wales, na ikaendelea kuwabeba Waingereza kwa zaidi ya miaka 40. Treni hiyo ilifaulu kwa sababu walioibuni waliichukulia njia iliyopo kama sharti, wakaujenga ubunifu wao ndani ya sharti hilo.

Miaka ya mwisho ya 1980 walijaribu tena kuvuka mpaka huo, safari hii kwenye njia ya mashariki iendayo Scotland. Kaskazini mwa Peterborough waliongeza ishara ya tano, taa ya kijani inayopepesa, iliyomruhusu dereva wa majaribio kwenda kilomita 225 kwa saa. Treni iliweza. Wasimamizi wa usalama hawakukubali kasi hiyo kwa abiria, kwa kuwa kwa mwendo ule usalama wote ungetegemea macho ya mtu mmoja anayesoma taa zinazompita kwa kufumba na kufumbua. Kupita kilomita 201 kukahitaji ishara zionekane ndani ya chumba cha dereva. Naona uamuzi ule ulikuwa sahihi, ingawa uliwaudhi wengi. Jaribio lilikuwa limefaulu upande wa treni na kushindwa upande wa njia, na waliokuwa na mamlaka walijua upande upi una uzito.

Tuje kwenye hesabu za dakika, maana hapo ndipo hoja inapokaa vizuri. Chukua kilomita 100 za njia nzuri iliyonyooka. Treni inayokwenda kilomita 130 kwa saa mfululizo itazimaliza kwa dakika 46. Ukiipandisha hadi 160, itatumia dakika 37 na nusu: umeokoa kama dakika 9. Ukiipandisha tena hadi 180, umeokoa dakika 4 nyingine. Sasa chukua kilomita 5 tu za njia mbovu, daraja la zamani au kona kali karibu na mji, ambapo treni zote zimeamriwa ziende kilomita 20 kwa saa. Hizo 5 zinakula robo saa. Zitengeneze treni ipite kwa kilomita 75, zitatumia dakika 4. Umeokoa dakika 11, ambazo ni nyingi kuliko ulizopata kwa kuipandisha treni kutoka 130 hadi 160 kwenye kilomita 100 nzima, na bado sijahesabu muda ambao treni hupoteza ikipunguza mwendo kabla ya sehemu hiyo na kuuchukua tena baadaye. Hesabu hii haina siri yoyote; mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kuifanya. Hata hivyo kila nchi huivumbua upya, kwa gharama kubwa, baada ya kununua treni.

India ni mahali pazuri pa kuipima, kwa sababu imejaribu mara nyingi na imeandika matokeo yake wazi. Mabehewa yale ya Hispania yalipelekwa kwenye njia yote ya Delhi hadi Mumbai, kilomita 1,384. Mara ya kwanza, mwanzoni mwa Agosti 2016, mvua kubwa za magharibi ziliyachelewesha kwa saa kadhaa, somo tosha kwamba njia ina hali ya hewa yake hata kama treni haina. Septemba, katika safari ya mwisho ya majaribio, yalifika chini ya saa 12, wakati treni bora ya wakati huo, Rajdhani, ilitumia karibu saa 16. Ni mafanikio ya kweli, na sehemu yake ilitokana na ubunifu wa Talgo: behewa jepesi, lililoning'inizwa kutoka juu hivi kwamba kwenye kona linainama lenyewe bila mitambo. Lakini wastani wa safari ile bora kabisa, yenye vituo vichache na njia iliyofunguliwa mbele yake, ulikuwa juu kidogo tu ya kilomita 115 kwa saa. Mabehewa hayakununuliwa. Desemba 2018 India ilijaribu treni yake yenyewe iliyotengenezwa Chennai, ambayo baadaye iliitwa Vande Bharat, nayo ikafikia kilomita 180 kwa saa karibu na Kota. Ilianza kubeba abiria Februari 2019. Kwa kanuni ilikuwa ikiruhusiwa 160 kwenye vipande vichache, na 130 au pungufu penginepo. Wastani wake katika safari halisi, kwa takwimu za shirika la reli lenyewe za mwaka 2021 hadi 2023, ulikuwa kati ya kilomita 80 na 85.

Mtu asidhani nawalaumu mafundi wa Chennai. Treni yao ni nzuri, na ubora wake mkubwa haumo kwenye kilomita 180. Mota zake zimesambazwa chini ya mabehewa mengi badala ya kukaa kwenye kichwa kimoja, kwa hiyo inachukua mwendo upesi ikitoka stesheni na kusimama upesi ikiingia. Kwenye njia yenye vituo na vizuizi vingi, uwezo huo huokoa dakika nyingi kuliko kasi ya juu inayofikiwa kwa kipande kifupi. Laiti jaribio lingetangazwa kwa sifa hiyo! Badala yake, Agosti 2022 waziri wa reli alisambaza video ya glasi ya maji iliyotulia mezani huku treni ikienda 180. Glasi ile ilisema kweli kuhusu utulivu wa behewa kwenye kipande kile. Haikusema lolote kuhusu kilomita zilizobaki, ambako abiria hukaa sehemu kubwa ya safari yake.

Ripoti ya mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali ya India, iliyotoka mwaka 2022, ilichungulia hizo kilomita zilizobaki. Serikali ilikuwa imeahidi mwaka 2016 kuongeza kasi ya wastani ya treni za abiria kwa kilomita 25 kwa saa ndani ya miaka mitano. Mkaguzi alikuta kwamba tangu 2012 hadi 2020 wastani wa treni za masafa marefu ulibaki palepale, kati ya kilomita 50 na 51. Katika miaka hiyohiyo kulikuwa na majaribio ya Talgo, kulizinduliwa treni ya kilomita 160 kati ya Delhi na Agra, na Vande Bharat ikaanza kazi. Juu ya meza ya uzinduzi kasi ilipanda kila mwaka; kwenye ratiba ya mamilioni ya wasafiri haikusogea.

Sababu mojawapo ni mizigo. Kwenye reli ya zamani treni ya haraka haiko peke yake. Fikiria tena kilomita 100, treni ya mizigo ikienda 50 kwa saa na ya abiria ikienda 160. Ya mizigo inahitaji saa 2, ya abiria dakika 37 na nusu. Ili ya abiria isiikute mbele, ya mizigo lazima iwe imetangulia kwa zaidi ya dakika 80, au iingizwe kwenye njia ya kupishana na kungoja. Kadiri unavyoipandisha treni ya haraka peke yake, ndivyo unavyoziegesha nyingine nyingi zaidi pembeni, pamoja na zile za abiria wa tiketi nafuu. Hili ni pingamizi zito dhidi ya mtu yeyote anayepigia debe treni za kasi kwenye njia za zamani, na sioni namna ya kulikwepa. Jibu lake ni kwamba njia hunufaika kasi zinapokaribiana. Ukiipandisha treni ya mizigo kutoka 50 hadi 75, ile saa 2 inakuwa saa moja na dakika 20, na nafasi inafunguka kwa kila mtu. India imechukua hatua kubwa zaidi kwa kujenga njia maalumu za mizigo mashariki na magharibi. Kwa maoni yangu njia hizo zitafanya mengi kwa kasi ya abiria kuliko treni yoyote yenye pua iliyochongoka, ingawa hakuna abiria atakayezipanda.

Sababu nyingine iko kando ya njia, ambako kuna watu, mifugo na barabara. Oktoba 2022, siku chache baada ya Vande Bharat ya Mumbai hadi Gandhinagar kuzinduliwa, iligonga nyati wa kufugwa na kuvunjika pua, kesho yake ikagonga ng'ombe. Ndipo kazi ya kuweka uzio kwenye njia hiyo ikaharakishwa. Wafugaji wenye wanyama hao hawakuwa wapya pale. Walikuwa wamevuka reli kwa vizazi, na treni ya polepole ilikuwa imewavumilia. Mtu anayepandisha kasi amebadilisha masharti ya kuishi kando ya reli, na gharama ya uzio, ya madaraja ya kuvukia na ya walinzi wa vivuko ni sehemu ya bei ya treni hata kama haimo kwenye mkataba wa ununuzi.

Kisha kuna ajali ya Bahanaga Bazar, jimbo la Odisha, jioni ya Juni 2, 2023. Treni ya Coromandel ilikuwa kwenye takriban kilomita 128 kwa saa, ndani ya ruhusa yake ya 130. Dereva alikuwa na taa ya kijani. Kasoro kwenye nyaya za ishara ilikuwa imeacha njia imegeuzwa kuelekea reli ya pembeni, ambako treni ya mizigo iliyojaa madini ya chuma ilikuwa imesimama. Watu zaidi ya 290 walifariki. Hakuna kikomo cha kasi kilichovunjwa, hakuna dereva aliyezembea, na treni haikuwa na hitilafu. Kilichokosekana ni uangalifu wa fundi kwenye kisanduku cha nyaya pembeni mwa stesheni ndogo, na ukaguzi wa kazi yake kabla ya njia kurudishwa kwenye matumizi. Anayeleta hoja ya kupandisha kasi kwenye njia iliyopo analazimika kueleza kwanza kazi ya namna hiyo inafanywaje na nani huihakiki, maana kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo kosa la fundi mmoja linavyogeuka kuwa msiba wa mamia ya familia.

Kwa upande huo India ina utaratibu mmoja ninaoupenda. Kituo cha utafiti cha reli, kilichoko Lucknow, hupima mtikisiko na umbali wa breki wa kila aina mpya ya treni. Lakini ruhusa ya kubeba abiria kwa kasi fulani hupitia kwa kamishna wa usalama wa reli, ambaye hayuko chini ya wizara ya reli. Yuko chini ya wizara ya usafiri wa anga. Anayetaka kukimbia siye anayeamua kama ni salama. Mpango huo haukuzuia Bahanaga, kwa kuwa ruhusa ya kasi ni jambo moja na matengenezo ya kila siku ni jingine, lakini umesaidia kuhakikisha kwamba 180 ya siku ya majaribio haigeuki 180 ya abiria kwa shinikizo la sherehe.

Wapo watakaosema kwamba naidharau rekodi bure. Watasema waziri wa fedha hafungui mfuko kwa ajili ya kokoto na mataruma. Huufungua akionyeshwa treni inayopaa, na heshima ya rekodi hiyo ndiyo huvuta fedha za matengenezo nyuma yake. Ningelikubali hilo kama ushahidi ungelionyesha. Afrika Kusini ilikuwa na rekodi ya kuonea fahari: Oktoba 1978, kwenye reli yake nyembamba ya milimita 1,067, kichwa cha umeme kilichofanyiwa marekebisho kilifikia kilomita 245 kwa saa, magurudumu yake yakiwa kwenye fremu iliyobuniwa na mhandisi wao Herbert Scheffel. Mwaka 1984 ilianzishwa huduma ya Metroblitz kati ya Johannesburg na Pretoria, kwa kilomita 160 kwa saa. Haikudumu. Ilikuwa treni ya haraka iliyotupwa katikati ya njia iliyosongamana treni za wafanyakazi wa kila siku, chini ya utawala wa ubaguzi uliojali wasafiri wachache, na rekodi ya dunia ya reli nyembamba haikuweza kuinunulia nafasi kwenye ratiba.

Wengine watauliza kwa nini tuhangaike na reli kuukuu wakati inawezekana kujenga mpya. Japani ilifanya hivyo mwaka 1964, na India inajenga njia ya kilomita 508 kati ya Mumbai na Ahmedabad. Afrika Mashariki imeshachagua hivyo pia: Kenya ilizindua Madaraka Express mwaka 2017 kwa kilomita 120 kwa saa, na Tanzania ikaanza mwaka 2024 kubeba abiria kwa umeme kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma, kwa kasi ya hadi 160. Sina ugomvi na njia mpya. Penye wasafiri wengi na kona nyingi, njia mpya ndiyo jibu, na aliyeketi saa nyingi kwenye basi la Dodoma anajua thamani yake. Lakini njia mpya huhudumia miji iliyo juu yake tu. Reli ya mita moja iliyoanzia Mombasa mwaka 1896, ikijengwa kwa vifaa na mikono kutoka India, na ile ya Wajerumani iliyotoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, bado zinapita mahali ambapo reli mpya haijafika au haitafika kwa muda mrefu. Na wembamba wa reli si kisingizio: Queensland, Australia, ilifikisha treni yake ya abiria kilomita 210 kwa saa mwaka 1999 kwenye upana wa milimita 1,067, unaozidi ule wa Kigoma kwa milimita 67 tu.

Sipendekezi mtu apeleke treni ya kilomita 160 Kigoma. Jaribio lenye manufaa kwa njia kama hiyo lingefanywa na treni ya kawaida, yenye abiria na mizigo yake ya kawaida, ikiwa imefungwa kifaa cha kurekodi mwendo kila sekunde, msimu wa kiangazi na tena msimu wa masika. Kwenye karatasi itakayotoka, kila kipande cha njia kitaonyesha dakika zake: wapi amri ya kwenda polepole imekaa miaka kwa ajili ya daraja moja dogo, stesheni gani treni hungoja mwenzake apite, kivuko gani humlazimisha dereva apunguze mwendo, tuta gani huliwa na maji kila mwaka. Vipande hivyo vipangwe kwa idadi ya dakika zinazopatikana kwa kila shilingi, na kazi ianzie juu ya orodha. Baada ya miaka michache ya kazi hiyo ndipo litakuwa jambo la maana kuuliza ni treni gani inunuliwe, na muuzaji atakayekuja na mabehewa yake ya majaribio apewe njia yote kutoka mwanzo hadi mwisho, siku ya kawaida, nyuma ya treni ya mizigo.